Ada za walezi wa mchana wakati wa likizo za shule

Ada za walezi wa mchana wakati wa likizo za shule ni malipo ambayo mzazi hukubaliana na mlezi kuhusu majuma ambayo mtoto haletwi kwa sababu shule zimefungwa. Suala hili linahusu hasa Ufalme wa Muungano, ambako watoto wengi hulelewa na walezi waliosajiliwa na ambako baadhi yao huhitaji malezi wakati wa mihula tu. Hakuna sheria inayotaja kiwango cha ada hiyo. Kila mlezi hupanga bei yake, na mapatano huandikwa katika mkataba kati yake na mzazi.

## Mlezi wa mchana ni nani

Mlezi wa mchana ni mtu anayelea watoto wa watu wengine nyumbani kwake kwa malipo. Yeye si yaya, kwa kuwa yaya hufanya kazi katika nyumba ya wazazi na huwa mwajiriwa wao. Tena si mwalimu wa chekechea, kwa kuwa hana jengo maalumu wala kundi kubwa la watoto. Kwa kawaida amejiajiri: hulipa kodi yake mwenyewe, hununua bima yake na hana likizo yenye malipo inayolindwa na sheria za ajira. Siku asiyopokea ada ni siku asiyo na kipato.

Wateja wake ni wa aina nyingi. Wapo wazazi wanaofanya kazi mwaka mzima na kumleta mtoto kila juma. Wapo wenye watoto wa shule, ambao huletwa asubuhi kabla ya masomo na kuchukuliwa jioni. Kundi la tatu ni la wazazi wanaohitaji malezi wakati wa mihula tu. Wengi katika kundi hili ni walimu, wasaidizi wa darasani, makarani na wapishi wa shule, pamoja na wanafunzi wa vyuo. Shule ikifungwa, mzazi hubaki nyumbani na mwanawe.

## Mwaka wa shule na majuma ya likizo

Nchini Uingereza wanafunzi wa shule za serikali kwa kawaida husoma siku 190 kwa mwaka, na walimu hufanya kazi siku 195, kwa sababu siku tano ni za mafunzo yao wenyewe. Siku 190 ni sawa na majuma 38 ya siku tano. Siku 195 ni majuma 39. Tofauti hii ndogo ina maana kwa mlezi, kwani mtoto wa mwalimu huhitaji kuletwa hata katika siku za mafunzo, ambapo wanafunzi wenyewe hawapo shuleni.

Majuma 13 yanayobaki ni ya likizo. Kwa kawaida hugawanyika hivi:

* takriban majuma sita ya kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba;
* majuma mawili wakati wa Krismasi;
* majuma mawili wakati wa Pasaka;
* majuma matatu ya mapumziko ya katikati ya muhula, moja katika kila muhula.

Tarehe hutofautiana kati ya eneo moja na jingine. Huko Uskoti, kwa mfano, likizo ya kiangazi huanza mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai na kwisha katikati ya Agosti. Mlezi anayeishi mpakani mwa maeneo mawili anaweza kuwa na watoto ambao likizo zao hazifanani, na mkataba hauna budi kutaja kalenda ya shule ipi inafuatwa.

## Kwa nini nafasi iliyo wazi ni tatizo

Idadi ya watoto ambao mlezi anaweza kuwalea kwa wakati mmoja imewekwa na kanuni. Nchini Uingereza mlezi mmoja anaruhusiwa kulea watoto wasiozidi sita walio chini ya umri wa miaka minane. Kati yao, wasiozidi watatu wanaweza kuwa wadogo ambao bado hawajafikia tarehe 1 Septemba inayofuata siku yao ya kutimiza miaka mitano, na kwa kawaida mmoja tu awe chini ya mwaka mmoja. Kuna ruhusa ya kuzidisha idadi ya wadogo katika hali kama vile ndugu wa familia moja, lakini jumla ya sita haivukwi. Watoto wa mlezi mwenyewe walio chini ya miaka minane wamo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo mlezi ana bidhaa moja tu ya kuuza, nayo ni nafasi. Nafasi tatu za watoto wadogo ndizo hutoa sehemu kubwa ya mapato yake. Mtoto wa mwalimu akishika moja kwa majuma 39, nafasi hiyo hubaki tupu kwa robo ya mwaka. Mlezi hawezi kuiuza kwa urahisi kwa majuma 13 yaliyotawanyika, kwa sababu mzazi anayetafuta malezi ya mtoto mdogo kwa kawaida anataka nafasi ya mwaka mzima. Akimpokea mtoto huyo mpya, yule wa mwalimu atakosa pa kurudi mwezi wa Septemba.

Kwa upande wa mzazi hoja ni nyingine. Mtoto hayupo, hali chakula cha mlezi, hatumii vifaa wala hachukui muda wake. Mzazi huona si haki kulipia huduma asiyoipata. Mvutano kati ya hoja hizi mbili, yaani kulipia malezi au kulipia nafasi, ndio kiini cha mipango yote inayoelezwa hapa chini.

## Njia za kupanga ada

### Kutolipa wakati wa likizo

Mzazi hulipa majuma ya muhula pekee. Njia hii ni nyepesi kueleweka, na inawafaa walezi wanaotaka wenyewe kupumzika wakati wa likizo, hasa wenye watoto wa shule. Inawafaa pia wale ambao nafasi zao hujazwa na watoto wengine kipindi hicho. Ubaya wake ni kwamba mapato hushuka ghafla mwezi wa Agosti, ambapo kunaweza kukosekana hata juma moja la malipo kutoka kwa familia hiyo, huku bima, umeme na mkopo wa nyumba vikiendelea.

### Ada ya kushikilia nafasi

Mzazi hulipa sehemu ya ada ya kawaida, mara nyingi nusu, katika majuma ya likizo. Malipo haya hayanunui malezi. Yananunua ahadi kwamba nafasi haitapewa mtu mwingine. Mzazi akihitaji kumleta mtoto siku moja ya likizo, mikataba mingi humtaka aongeze hadi kufikia ada kamili ya siku hiyo, ikiwa mlezi anafanya kazi.

Kanuni ya mazoea inayofuatwa na walezi wengi ni hii: anayelipa ada kamili ana haki ya kumleta mtoto, na anayelipa nusu ana haki ya nafasi kushikiliwa tu. Mlezi anayetoza ada kamili huku mlango wake umefungwa, au huku nafasi ileile akiwa ameiuza kwa mtoto mwingine, hujiweka mahali pagumu kujitetea.

### Kusawazisha malipo kwa miezi 12

Gharama ya mwaka mzima wa mihula hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa 12, na mzazi hulipa kiasi kilekile kila mwezi. Njia hii haibadilishi jumla ya fedha, ila huzigawanya sawasawa. Walimu wengi huipenda kwa kuwa mishahara yao pia hulipwa kwa miezi 12. Kasoro yake ni kwamba mzazi anayelipa mwezi wa Agosti huweza kudhani analipia likizo, ilhali anamalizia deni la malezi ya muhula.

### Bei ya juu kwa watoto wa muhula

Mlezi huweka viwango viwili. Mtoto wa mwaka mzima hulipa bei ya kawaida, naye mtoto wa muhula hulipa zaidi kwa saa au kwa siku, lakini halipi chochote likizoni. Ziada hiyo hufidia nafasi tupu. Njia hii huondoa ubishi wa kulipia siku ambazo mtoto hayupo, lakini mzazi anayelinganisha bei za walezi kadhaa anaweza kuiona ghali kabla hajapiga hesabu ya mwaka.

### Mkataba wa mwaka mzima pekee

Baadhi ya walezi hukataa kabisa mikataba ya muhula. Mzazi hulipa majuma yote ambayo mlezi yuko kazini, na ni hiari yake kumleta mtoto au kumwacha nyumbani. Msimamo huu huwezekana pale ambapo walezi ni wachache na wazazi wanaosubiri ni wengi.

## Mfano wa hesabu

Tuchukue mlezi anayetoza paundi 60 kwa siku, na mtoto anayeletwa siku tatu kwa juma. Ada ya juma ni paundi 180. Mwaka una majuma 39 ya muhula na 13 ya likizo.

| Njia | Hesabu | Jumla ya mwaka | Wastani wa mwezi |
|---|---|---|---|
| Kutolipa likizoni | 39 × 180 | 7,020 | 585 |
| Nusu ada likizoni | 7,020 + (13 × 90) | 8,190 | 682.50 |
| Bei ya juu (paundi 70 kwa siku) | 39 × 210 | 8,190 | 682.50 |
| Ada kamili mwaka mzima | 52 × 180 | 9,360 | 780 |

Jedwali linaonyesha mambo mawili. Kwanza, pengo kati ya kutolipa na kulipa mwaka mzima ni paundi 2,340, na ndicho kiasi ambacho mlezi hupoteza kama hawezi kuijaza nafasi. Pili, nusu ada wakati wa likizo ni sawasawa kabisa na kuongeza paundi 10 kwa kila siku ya muhula. Mzazi anayeikataa njia moja na kuikubali nyingine huwa amekubali kulipa fedha zilezile kwa jina tofauti.

Hesabu hubadilika mlezi naye akichukua likizo. Akifunga kwa majuma manne ndani ya likizo za shule na asitoze chochote kwa muda huo, nusu ada itadaiwa kwa majuma tisa tu. Jumla itakuwa 7,020 na 810, yaani paundi 7,830, ambazo ni paundi 652.50 kwa mwezi.

## Mtoto akiondoka katikati ya mwaka

Malipo yaliyosawazishwa huleta ugumu pale mkataba unapovunjwa kabla ya miezi 12 kutimia, kwa sababu malezi hayagawanyiki sawa kati ya miezi.

Tuseme mtoto wa mfano wa juu alianza Septemba kwa paundi 585 kwa mwezi na kuondoka mwisho wa Desemba. Wazazi wamelipa miezi minne, yaani paundi 2,340. Ikiwa mtoto alihudhuria majuma 15, malezi aliyopata yana thamani ya paundi 2,700. Mlezi anadai paundi 360.

Kinyume chake hutokea kwa mtoto aliyeanza Aprili na kuondoka mwisho wa Agosti. Wazazi wamelipa miezi mitano, yaani paundi 2,925. Akiwa amehudhuria majuma 12, thamani yake ni paundi 2,160. Hapa mzazi ndiye anayedai paundi 765.

Ndiyo maana mikataba iliyoandikwa vizuri huwa na kifungu cha kufunga hesabu: siku zilizohudhuriwa huzidishwa kwa ada ya siku, kiasi kilicholipwa hutolewa, na anayedaiwa hulipa tofauti. Pasipo kifungu hicho, ugomvi huzuka wakati ambapo pande zote mbili hazina tena sababu ya kuvumiliana.

Jambo jingine linalohusiana na hili ni notisi. Muda wa majuma manne ni wa kawaida katika mikataba mingi. Mzazi wa muhula akitoa notisi katikati ya Julai na notisi hiyo ikaishia katikati ya likizo, atakuwa ametimiza mkataba bila kulipia muda wote wa notisi. Ili kuzuia hilo, walezi wengine huandika kwamba majuma ya notisi huhesabiwa katika muhula pekee, au kwamba ada ya notisi hudaiwa hata ikiwa likizo imeanza.

## Kujaza nafasi wakati wa likizo

Likizo huondoa watoto wengine na kuleta wengine. Wanafunzi ambao wakati wa muhula hukaa kwa mlezi saa mbili au tatu kwa siku, huhitaji kutwa nzima shule zikifungwa, maana wazazi wao wanaendelea na kazi. Ada ya kutwa ya mtoto wa shule inaweza kuziba pengo lililoachwa na mtoto wa mwalimu, au sehemu yake.

Hata hivyo ujazaji huu una mipaka. Idadi ya sita chini ya miaka minane haibadiliki likizoni. Watoto wa mlezi mwenyewe, ambao wakati wa muhula wako darasani, sasa wako nyumbani kutwa na wanahesabiwa. Watoto wenye miaka minane na zaidi hawamo katika idadi ya sita, lakini uwepo wao haupaswi kudhoofisha malezi ya walio wadogo. Pia lazima mlezi awe amesajiliwa kwa umri unaohusika: Uingereza ina daftari la watoto wa umri wa awali na daftari jingine la watoto wakubwa zaidi.

Mlezi anayeijaza nafasi hukabiliwa na swali la uadilifu. Ikiwa mzazi wa mtoto wa muhula amelipa nusu ada ili nafasi ishikiliwe, je, mlezi anaweza kumweka mtoto mwingine pale kwa muda? Baadhi ya mikataba huruhusu jambo hilo waziwazi, kwa sharti kwamba mtoto wa mkataba atarudi tarehe iliyotajwa. Mingine humpunguzia mzazi ada iwapo nafasi imetumika. Lililo muhimu ni kwamba jambo hilo liandikwe tangu mwanzo.

## Saa zinazolipiwa na serikali

Nchini Uingereza serikali hulipia saa kadhaa za malezi na elimu ya awali. Kipimo chake ni majuma 38 kwa mwaka: saa 15 kwa juma ni jumla ya saa 570, na saa 30 kwa juma ni jumla ya saa 1,140. Saa 30 kwa watoto wa miaka mitatu na minne wa wazazi wanaofanya kazi zilianza Septemba 2017. Kuanzia Aprili 2024 mpango ulipanuliwa kwa hatua, hadi Septemba 2025 saa 30 zilipowafikia watoto wa wazazi wanaofanya kazi kuanzia umri wa miezi tisa.

Kipimo cha majuma 38 kimefuata mwaka wa shule, hivyo malipo ya serikali yenyewe ni ya muhula. Mzazi na mlezi wanaweza kukubaliana kuyatandaza kwa majuma mengi zaidi. Saa 1,140 zikitumiwa saa 24 kwa juma hufikia majuma 47 na nusu. Mzazi anayetandaza hupata saa chache kila juma, lakini hana pengo kubwa wakati wa kiangazi, naye mlezi hupata mapato yaliyo sawa zaidi.

Mlezi haruhusiwi kumtoza mzazi nyongeza juu ya saa zinazolipiwa na serikali kama sharti la kuzipata. Kwa sababu hiyo ni lazima ankara itenganishe saa hizo na saa ambazo mzazi hununua mwenyewe, na ada yoyote ya likizo ihusishwe na hizo za pili.

Uskoti nako serikali hulipia hadi saa 1,140 kwa mwaka, kiwango kilichoanza kutumika kikamilifu Agosti 2021. Wales ina mpango wake wa saa 30 kwa watoto wa miaka mitatu na minne wa wazazi wanaofanya kazi, ambao unajumuisha pia majuma ya likizo.

Wazazi wengi hupata pia msaada katika sehemu wanayolipa wenyewe. Katika mpango wa malezi bila kodi ulioanza mwaka 2017, serikali huongeza paundi 2 kwa kila paundi 8 ambazo mzazi huweka katika akaunti, hadi paundi 2,000 kwa mtoto kwa mwaka, au paundi 4,000 ikiwa mtoto ana ulemavu.

## Historia na usimamizi

Sheria ya mwaka 1948 iliwataka wanaolea watoto kwa malipo majumbani mwao wasajiliwe na serikali za mitaa. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 ilichukua nafasi yake. Mwaka 2001 usajili na ukaguzi nchini Uingereza ulihamishiwa kwa Ofsted, idara inayokagua pia shule. Wales na Uskoti zina idara zao za ukaguzi, na katika Ireland ya Kaskazini kazi hiyo hufanywa na mamlaka za afya na huduma za jamii.

Chama cha kitaifa cha walezi wa mchana kiliundwa mwaka 1977. Vyama vya aina hiyo vimesaidia kueneza matumizi ya mikataba iliyochapishwa, yenye sehemu za kujaza kuhusu likizo, ugonjwa, notisi na ada ya kushikilia nafasi. Ofsted haipangi ada wala haiamui magomvi ya malipo. Deni lisilolipwa hupelekwa katika mahakama ya madai madogo, na Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 inataka masharti ya mkataba yawe ya haki na yaeleweke.

## Yanayofaa kuandikwa katika mkataba

Mkataba wa mtoto wa muhula kwa kawaida hutaja:

* kalenda ya shule inayofuatwa, pamoja na siku za mafunzo ya walimu;
* idadi ya majuma yanayolipiwa na tarehe za malipo;
* kiwango cha ada ya likizo na kile mzazi anachopata kwa kuilipa;
* kama nafasi inaweza kutumiwa na mtoto mwingine kwa muda;
* likizo ya mlezi mwenyewe na malipo yake;
* namna ya kufunga hesabu mkataba ukiisha mapema;
* muda wa notisi na jinsi unavyohesabiwa likizoni.

## Ulinganisho na Ufaransa

Nchini Ufaransa mlezi wa mchana kwa kawaida huajiriwa na wazazi, na suala hili lina kanuni za kitaifa. Mkataba wa mwaka kamili ni wa majuma 47 ya malezi na matano ya likizo ya mlezi. Ukiwa wa majuma 46 au pungufu huitwa mkataba wa mwaka usiokamilika, na mshahara wa mwezi hupatikana kwa kuzidisha ujira wa saa kwa saa za juma na kwa idadi ya majuma ya malezi, kisha kugawanya kwa 12. Likizo ya mlezi hulipwa juu ya kiasi hicho. Hivyo kusawazisha malipo, ambako kwa mlezi wa Uingereza ni hiari, huko Ufaransa ni utaratibu wa kawaida wa ajira.

## Tazama pia

* Chekechea
* Elimu ya awali
* Mkataba
* Yaya